Mke wa Mchuuzi wa Samaki: neno juu ya sinema Maudie

Sinema nyingi zinazofika katika miji yetu ni za bunduki na za ngumi. Kijana akitoka humo amejifunza namna ya kuruka dirishani, basi. Kwa hiyo ikipita sinema inayosimulia habari za mume na mke maskini, mke kilema, nyumba ya chumba kimoja, wala hakuna mtu anayepigwa risasi tangu mwanzo hata mwisho, yafaa tuseme neno juu yake. Jina lake ni Maudie. Ilitengenezwa na watu wa Ayalandi na wa Kanada, ikaonyeshwa mara ya kwanza mwaka wa 2016. Aliyeiongoza ni mwanamke wa Ayalandi, Aisling Walsh. Aliyeandika hadithi ni Sherry White. Mwaka wa 2018 Wakanada waliipa zawadi yao ya sinema bora, na wachezaji wake wawili wakubwa wakapewa zawadi pia. Nimeitazama mara tatu. Nasema mapema kwamba ni sinema nzuri, tena kwamba kuna jambo moja ndani yake ambalo siwezi kulinyamazia.

Habari hizi si za kutungwa tu. Watu hao waliishi kweli. Maud Dowley alizaliwa mwaka wa 1903 upande wa Yarmouth, katika Nova Scotia, jimbo la Kanada lililo kando ya bahari ya Atlantiki. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Tangu utoto baridi yabisi ilimkamata katika viungo: kidevu kikashuka kifuani, mabega yakainama, vidole vikakunjamana. Watoto wenzake walimcheka, naye akaacha shule mapema. Mama yake akamfundisha kuchora kadi za Noeli, wakaziuza nyumba kwa nyumba. Mwaka wa 1928 alizaa binti. Aliyempa mimba hakumwoa, na mtoto akapewa watu wengine wamlee. Baba akafa mwaka wa 1935, mama mwaka wa 1937, na kwa Maud hapakuwa tena na nyumba ya kwao. Akapokewa na dada ya mama yake katika mji mdogo wa Digby.

Si mbali na hapo, katika kijiji cha Marshalltown, alikaa Everett Lewis, mchuuzi wa samaki, mtu mwenye miaka arobaini na zaidi, asiye na mke, wala hakusoma. Alikuwa amebandika tangazo madukani kwamba anatafuta mwanamke wa kumtunzia nyumba. Maud akaja mlangoni kwake. Majuma machache baadaye, tarehe 16 Januari 1938, wakafunga ndoa, wakakaa pamoja mpaka Maud alipokufa, tarehe 30 Julai 1970. Miaka thelathini na miwili na zaidi, katika nyumba yenye chumba kimoja cha karibu mita nne kila upande na dari ya kulala juu, bila umeme, bila maji ya bomba. Ngazi ya kupanda darini ilikuwa nyembamba. Fikirini mwanamke mwenye viungo vya namna ile akiipanda kila usiku.

Humo ndimo alimochora. Alianza na kadi, ambazo aliziuza senti ishirini na tano kila moja alipokuwa akifuatana na mume wake katika gari la samaki. Halafu akapaka rangi vitu vyote alivyoweza kuvifikia: ukuta, mlango, kioo cha dirisha, ngazi, jiko, sinia, hata kopo la kuwekea unga. Kisha akachora juu ya vipande vya mbao laini, na picha zake zikawa ndogo, kwa sababu mkono wake haukuweza kunyoshwa mbali. Jambo hili nalipenda sana: kipimo cha picha ni kipimo cha mkono wenye ugonjwa. Hakuchanganya rangi, alizitumia kama zilivyotoka katika kopo au katika mrija. Alichora ng'ombe wa kukokota wenye kope ndefu kama za bibi arusi, paka weusi, mashua bandarini, farasi na gari la theluji, na hakuweka kivuli. Mara nyingine theluji iko chini, na juu ya mti majani bado yana rangi nyekundu. Mwenye kuhesabu miezi ya mwaka atasema kwamba hapo amekosa. Hakukosa. Alitaka theluji na majani pamoja, akavipata. Kwetu Katanga wale wanaokumbuka wachoraji wa Hangar, kile karakana alichokianzisha Pierre Romain-Desfossés huko Elisabethville mwaka wa 1946, watamkumbuka Bela aliyechora kwa ncha za vidole. Nao hawakuuliza kama mti wa namna hiyo unaota mahali fulani.

Sasa turudi kwa sinema. Maud anachezwa na Sally Hawkins, Mwingereza, na Everett anachezwa na Ethan Hawke, Mmarekani. Mama Hawkins ana viungo vizima, naye amejifunza kutembea kama mtu ambaye kila hatua inamlipisha. Wengine wamesema ingefaa kazi hiyo apewe mwanamke aliye kilema kweli, na neno hilo lina haki yake. Lakini alivyocheza, hakuomba huruma yetu. Kilema wa sinema kwa desturi huwa ni mtakatifu mwenye macho yaliyojaa machozi, ama ni mjanja mwenye moyo uliopinda kama mgongo wake. Huyu ni mtu. Anavuta sigara, anatania, anadanganya kidogo ili apate kazi, anajua anachotaka. Anaposhika kalamu ya rangi, vidole vinaitafuta kwanza, vinaikosa, vinaipata. Na kamera haina haraka. Ninyi mnaofundisha watoto vilema, tazameni sehemu hizo hata kama hamna muda wa kutazama nyingine.

Ethan Hawke amepewa kazi ngumu zaidi, maana hana maneno. Everett wake hunguruma, husukuma vitu, hukaa kimya wakati mtu mwingine angesema asante. Siku za kwanza anamwambia mwanamke huyu cheo chake nyumbani: yeye bwana wa nyumba ni wa kwanza, kisha mbwa, kisha kuku, na Maud baada ya kuku. Watu walicheka hapo. Mimi pia nilicheka, maana imesemwa vizuri. Sinema inatuonyesha polepole namna orodha hiyo inavyogeuka. Maud anaomba mlango wa wavu wa kuzuia inzi, bwana anakataa kwa ukali, halafu siku moja tunamwona akiutia mlango huo bila kusema neno. Wanapofunga ndoa, usiku wanacheza dansi katika chumba kile kidogo, miguu ya mke juu ya viatu vya mume. Nani angeweza kuona hayo asifurahi? Tena wakristu waone hili: ni Maud, si Everett, anayesema kwamba mambo ya kitandani yatatanguliwa na ndoa. Mwanamke asiye na nyumba, asiye na franka moja, ambaye ndugu zake wamemchoka, anasimamia jambo hilo, na bwana anakubali.

Lakini kabla ya hayo yote lipo lile kofi.

Rafiki ya Everett amekuja, wanazungumza nje. Maud anatia neno, anafanya mzaha kidogo mbele ya mgeni. Everett anampiga usoni. Si kofi la mchezo, anaanguka. Na katika siku hizo hizo sinema inamwonyesha akianza kupaka rangi ndani ya nyumba, ua moja hapa, ndege mmoja pale, na muziki unaingia taratibu, na moyo wa mtazamaji unapona haraka. Hapo ndipo palipo shida yangu.

Jumapili moja alasiri tuliitazama pamoja na wanandoa wa kikundi chetu, watu ishirini na wachache, mimi nikiwafasiria maneno. Ilipokwisha, mama mmoja mwenye wajukuu alisimama akasema: "Mwalimu, yule bwana alimpiga binti yetu, kisha wakatupigia kinanda ili tusahau. Aliomba msamaha wapi?" Baba mmoja, mtu mpole ambaye sijapata kusikia kwamba anagombana nyumbani, akamjibu: "Mama, tumheshimu pia. Miaka thelathini na zaidi amempikia, amefagia, amempandisha garini. Wangapi kati yetu wangefanya hivyo kwa mke asiyeweza kubeba ndoo ya maji?" Mama akamtazama: "Kweli, baba. Basi ukimpikia mtu, umelipa ushuru wa kofi?" Watu wakacheka, lakini yule baba hakucheka, wala hakuwa na jibu, nami wakati ule sikuwa nalo.

Tangu siku hiyo nimelifikiri sana. Watengenezaji wa sinema wangejibu, nadhani, kwamba msamaha uko karibu na mwisho, Everett anapokiri, kwa maneno yake machache, kwamba hakumwona mke wake alivyo. Maud naye, akiwa kitandani hospitalini, anasema kwamba alipendwa. Neno hilo ndilo linalowafanya watu watoke wakifuta macho. Nami nalisadiki neno hilo kama neno la mke. Mke ana haki ya kusema hesabu ya maisha yake mwenyewe, na mtu mwingine asiifute. Lakini sinema inalitumia kama muhuri wa kufunga hesabu yote, na hiyo ni kazi nyingine. Kuna tofauti kubwa kati ya mwanamke anayesamehe na hadithi inayosamehe badala yake.

Maana habari za watu wenyewe hazikwenda sawasawa namna hiyo. Sinema inatandaza siku za kujuana kwao hata zinakuwa kama majira mawili au matatu ya mwaka, na mapendo yanaota polepole kama mbegu. Katika maisha yalikuwa majuma machache, yaani mapatano ya watu wawili wenye haja. Yeye alihitaji paa, huyu alihitaji mtu wa nyumbani. Sinema inasema Everett alilelewa katika nyumba ya yatima. Kweli ni kwamba utotoni aliishi katika nyumba ya maskini ya wilaya, palepale Marshalltown, karibu na mahali alipojenga baadaye, naye akawa mlinzi wake wa usiku. Jambo hili lingemfanya tumwelewe zaidi kuliko hadithi ya uyatima. Mtu aliyekulia katika nyumba ya maskini anajua thamani ya kila senti, tena anaogopa mpaka kufa. Walioandika juu yao wanasema alikuwa bahili sana, fedha za picha zilikuwa mikononi mwake, naye alizificha. Lance Woolaver, mtu wa upande ule ule ambaye tangu miaka mingi anaandika juu ya Maud, alitoa kitabu kikubwa mwaka wa 2016, mwaka ule ule wa sinema, na Everett anayeonekana humo ni mweusi wa moyo kuliko yule wa Ethan Hawke. Wengine waliowaona walisimulia kwamba ni yeye aliyepika, aliyefua, aliyetafuta rangi na mbao. Hayo mawili yaweza kuwa kweli kwa mtu mmoja; sisi tunaopokea watu wa ndoa katika ofisi ya parokia tunajua hayo vizuri.

Basi, sisemi kwamba sinema ilipaswa kumfanya Everett kuwa shetani. Ingekuwa uongo mwingine, tena uongo rahisi. Nasema kwamba iliweka kofi mezani, kisha ikaliondoa kwa mkono wa rangi na muziki, wala haikumwacha Everett akae mbele yake hata dakika moja. Mtu aliyefanya vile hukaa, hutazama mikono yake, huomba msamaha kwa kinywa, hata kama kinywa chake kinajua maneno machache. Ethan Hawke angeweza kucheza dakika hiyo. Hawakumpa.

Kwa nini nalishika jambo hili kama mbwa na mfupa? Kwa sababu ya mabinti zetu. Katika nchi yetu, na katika vijiji vyetu vya wakristu pia, mko mabinti waliopigwa na ugonjwa wa polio, au waliozaliwa na mguu mfupi, au waliopoteza mkono katika vita ya miaka hii ya mashariki. Kwa binti mzima ukoo unauliza maswali mia: mume ni wa nani, anafanya kazi gani, anakunywa, mama yake ni mtu wa namna gani, mahari ni kiasi gani. Akija mtu kumposa binti kilema, maswali yote yanakauka. Watu wanasema: Mungu asifiwe, amepatikana wa kumchukua. Nimesikia baba akisema neno hilo, kumchukua, kama mtu anayezungumza juu ya mzigo ulioachwa njiani. Na binti mwenyewe anafundishwa tangu siku ile kwamba anapaswa kushukuru. Akipigwa, ashukuru kwamba si zaidi. Akinyimwa fedha za kazi yake mwenyewe, za cherehani au za maandazi, ashukuru kwamba analala ndani ya nyumba. Akija kwa katekista, anaanza na maneno haya: "Mwalimu, najua kwamba mtu kama mimi..." Ninalijua sana neno hilo, mtu kama mimi.

Sasa binti huyo akitazama Maudie pasipo mtu wa kuzungumza naye, ataona nini? Ataona, nadhani, kwamba ukivumilia kofi la kwanza, utapata mlango wa wavu. Ataona kwamba uzuri wa moyo wako ndio utakaomtengeneza mume. Katika hilo mko neno la kweli, maana Mtume Paulo mwenyewe aliwaandikia Wakorinto kwamba mume asiyeamini hutakaswa katika mke wake. Lakini Paulo huyo huyo aliwaagiza waume wapende wake zao kama Kristu alivyolipenda Kanisa, na Kristu hakulipiga Kanisa lake. Alipigwa kwa ajili yake. Kanisa limesema mambo haya wazi. Sheria ya Kanisa ya mwaka wa 1983 inafundisha kwamba kibali cha ndoa kilichotolewa kwa kulazimishwa au kwa hofu kubwa si kibali, na kwamba mume au mke anayemtia mwenzake katika hatari kubwa ya roho au ya mwili anampa sababu ya halali ya kukaa mbali naye. Na Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake juu ya mapendo ya jamaa, mwaka wa 2016, aliandika kwamba mara nyingine kutengana hakuepukiki, tena kwaweza kuwa wajibu, ili kumlinda mke au watoto walio dhaifu. Watu wengi katika parokia zetu hawajasikia hayo. Wamesikia tu: vumilia.

Je, Maud aliolewa kwa hofu? Sithubutu kuhukumu dhamiri ya wafu. Sinema inamwonyesha akichagua. Anashika tangazo lile kwa mkono wake mwenyewe dukani, anatembea kwa miguu yake mibovu njia ndefu, anagonga mlango. Hapa naipongeza sana. Watu wote wanaomzunguka, kaka, dada ya mama yake, wanadhani kazi yake ni kukaa kimya katika chumba cha nyuma. Yeye anaamua kwamba nyumba mbaya iliyo yake ni bora kuliko nyumba nzuri ya wengine. Lakini kuchagua kati ya milango miwili wakati mingine yote imefungwa, hilo ni chaguo la namna gani? Sinema ingefaa iulize wale waliofunga milango. Kaka yake ameonyeshwa kama mtu mwovu, mwenye suti nzuri, na tunamchukia kwa urahisi, tukisahau kwamba ndugu wengi wanaofanya kama yeye hawana suti, nao ni watu wa sala.

Sehemu iliyonigusa kuliko zote ni ile ya mtoto. Katika sinema Maud aliambiwa kwamba mtoto wake alizaliwa na kasoro akafa. Baada ya miaka mingi anaelezwa na dada ya mama yake kwamba mtoto alikuwa mzima, na kwamba kaka yake alimtoa kwa watu kwa fedha. Mambo hayo ya kuuza ni ya sinema. Lakini tazameni walivyoionyesha. Everett, ambaye kwanza alikasirika, anampakia mke wake katika gari, wanakwenda mbali, wanasimama kando ya nyumba moja. Mwanamke kijana anatoka. Maud anamtazama kwa dirisha la gari. Hashuki, wala haiti. Hakuna kilio, hakuna kukumbatiana. Everett amekaa karibu naye, kimya. Na kimya hiki si kile cha ugomvi wa mwanzo. Hapo nikamsadiki kama mume. Lau wangeweka dakika ya namna hiyo baada ya kofi, nisingeandika nusu ya maneno haya.

Neno moja juu ya fedha. Watu wa Amerika na wa Kanada waliopita barabarani walisimama na kununua picha kwa dolari mbili au tatu. Katika miaka yake ya mwisho zilifika dolari saba hata kumi. Mwaka wa 1964 gazeti la Toronto liliandika habari zake, mwaka wa 1965 televisheni ya taifa ikaja, maagizo yakawa mengi kuliko vidole vyake vilivyoweza. Nyumba ya Rais Nixon pia iliagiza picha mbili. Sinema inaeleza hayo kwa furaha, na inatunga mwanamke mmoja kutoka New York, mwenye viatu vizuri, anayeona thamani ya picha kabla ya wote. Huyu sikumpenda sana. Amewekwa pale ili tujue kwamba picha ni nzuri, kana kwamba macho yetu hayatoshi. Mwaka wa 2017 picha moja ya Maud iliyookotwa katika duka la vitu vikuukuu la Ontario iliuzwa dolari 45,000 za Kanada. Mwezi wa Mei 2022 nyingine, ya gari jeusi, ambayo zamani ilibadilishwa na chakula mezani katika mkahawa, ilifika dolari 350,000. Na mwenye kuichora alikufa akiwa amepashwa moto na jiko lile lile la kuni. Everett aliuawa na mwizi ndani ya nyumba hiyo mwaka wa 1979. Fedha zilizofichwa zina harufu, na wezi wana pua.

Nyumba yenyewe haikuanguka. Serikali ya Nova Scotia iliinunua mwaka wa 1984, ikatengenezwa, na sasa imesimama nzima ndani ya jumba la sanaa la Halifax, na ngazi yake, jiko lake na maua yake. Marshalltown mahali pake wamejenga mfano wa nyumba kwa vyuma vitupu, usio na rangi. Sinema haikupigwa huko bali katika kisiwa cha Newfoundland, na waliijenga nyumba upya, nao wamefanya kazi nzuri: baridi inaonekana, upepo unasikika, na wakati wa jioni taa ndogo katika dirisha inakufanya utake kuingia. Picha za nchi ni pana sana, anga kubwa na watu wawili wadogo wanaotembea juu ya mstari wa ardhi, yeye mbele na kigari chake, mke nyuma akijikokota. Baadaye mke amo ndani ya kigari na mume anasukuma. Habari nzima ya ndoa yao imesemwa katika picha hizo mbili, na kwa kweli zinasema kuliko mazungumzo.

Msiondoke kabla ya mwisho kabisa. Mke amekufa, Everett amerudi peke yake, na katika vitu vya Maud anakuta lile tangazo alilobandika dukani, ambalo mke alilitunza miaka yote. Halafu sinema inatuonyesha picha za zamani, nyeusi na nyeupe, za Maud na Everett wenyewe, zilizopigwa walipokuwa hai. Maud wa kweli ni mdogo kuliko mchezaji, amepinda zaidi, na anacheka kwa macho kama mtoto aliyeficha kitu. Everett wa kweli ni mzee mwembamba. Ni sekunde chache tu.

Kwa mapadri na makatekista wanaotaka kuionyesha: inachukua karibu saa mbili, maneno yake ni ya Kiingereza, kwa hiyo atafutwe mfasiri mwenye sauti. Ni ya watu wazima. Kuna mambo ya kitandani, si mengi, lakini watoto wasiletwe. Kwa wachumba wanaofundishwa ndoa inafaa sana. Mwenye kuonyesha aisimamishe mashine mara baada ya kofi, awashe taa, aketi, awaache mama waseme kwanza.